Mkono Uliorudi Nyuma

Fundi Kufuli alinawa mikono mara tatu kwa sabuni, kama alivyoagizwa hospitalini, kisha akaikung'uta hewani badala ya kuifuta, kwa sababu hakuliamini taulo la nyumbani kwake. Mkewe alimmulikia tochi ingawa jua la asubuhi lilikuwa limeshajaa chumbani. Binti yao alikaa kwenye kiti cha plastiki, kichwa kakiegemeza ukutani, viganja kavikaza magotini. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kila upande wa shingo yake, chini kidogo ya sikio, kilichomoza kijiti cha chuma kifupi kuliko njiti ya kiberiti.

"Tayari, mama?" fundi alimwuliza binti yake.

"Mm." Tangu upasuaji, binti hakuwa mtu wa kupoteza maneno.

Fundi akauvisha ufunguo mdogo kwenye kijiti cha kushoto, akaufuata mshale uliochongwa juu yake, polepole, mzunguko mmoja kamili. Binti alifumba macho. Mzunguko ulipotimia, fundi akaurudisha ufunguo nyuma nusu hivi, chuma kipumue, ndipo akauchomoa. Akahamia upande wa kulia, akafanya vivyo hivyo.

"Umeona?" mkewe alisema huku akizima tochi. "Yule muuguzi alimzungusha siku moja tu kule wodini, mtoto akataka kupanda ukuta. Baba yake anamzungusha siku ya kumi na mbili hii, hata chozi hakuna. Mkono wa fundi ni mkono wa fundi."

Sifa hizo fundi alizimeza zote. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amefungua makufuli ya watu bila kuvunja hata moja, na kama kuna kitu alichojivunia duniani, ni wepesi wa mkono wake. Alichukua kijitabu cha hospitali, akatia alama ya vema kwenye safu ya asubuhi. Hakuna safu iliyorukwa, na kila alama aliitia kwa moyo safi.

Ndani ya nyama, vijiti vile vilishika parafujo, na parafujo zilishika vipande vya taya lililokatwa kwa makusudi. Kila mzunguko kamili uliviachanisha vipande hivyo nusu milimita. Asubuhi nusu, jioni nusu, na mwili ukiona mwanya unaujaza mfupa mpya, hivyo taya linarefuka kidogo kidogo. Binti huyu aliangukia kidevu akiwa na miaka mitatu, na taya la chini likagoma kukua tangu siku hiyo. Watu wa mtaani walihesabu kwamba shida yake ni sura. Sura ilikuwa jambo dogo. Shida ni kwamba akilala tu, ulimi wake ulirudi nyuma ukaziba njia ya hewa. Alikoroma, akanyamaza, pumzi ikakatika, mpaka mmoja wa wazazi amtikise. Mchana alisinzia juu ya kompyuta katika duka la kuchapa na kutoa nakala, na kazi mbili alishazipoteza kwa usingizi. Mwezi mmoja kabla ya upasuaji walimkuta midomo imebadilika rangi, na daktari akawaambia wazi kwamba safari nyingine huenda wasimuwahi.

Kisha kulikuwa na sindano. Taya lake lilikuwa na makovu ya kukatwa utotoni mara mbili, na mfupa wenye makovu ni mvivu. Kwa hiyo Daktari wa Taya, mwanamke kijana anayesema haraka kama anayefukuzwa, alimtia katika kundi la wagonjwa saba waliokuwa wakijaribiwa homoni, sindano moja tumboni kila adhuhuri, ya kuuamsha mfupa ujaze mwanya na kukomaa mapema. "Si kitu kigeni," aliwaeleza. "Tezi ndogo za shingoni zinaitengeneza kila siku. Sisi tunaongeza kidogo, kwa vipimo, tuone kama itasaidia." Dawa ilikuja ndani ya kalamu za sindano zinazotaka baridi. Nyumbani hapakuwa na friji, hivyo zikahifadhiwa kwa jirani muuza maziwa, ambaye hakuweza kuvumilia mpaka aulize.

"Sasa hizi homoni, mtoto hataota ndevu?"

"Akiota nitamnyoa," mama alimjibu. "Ila kwanza apate kidevu cha kuziotea."

Binti alicheka mpaka akashika mashavu kwa maumivu. Kujidunga alijidunga mwenyewe, kila siku, bila kuambiwa.

&nbsp;

Saa nne asubuhi hiyo walikuwa kliniki. Daktari wa Taya aliitundika picha ya eksirei kwenye kisanduku chenye mwanga, akapima kwa rula, akapima tena, kisha akapima mara ya tatu. Ndipo alipofungua kijitabu.

"Mzee, humu mmeandika milimita kumi na mbili."

"Ndiyo, daktari. Siku kumi na mbili."

"Picha inasema sita."

Fundi aliinama kuitazama picha, kana kwamba yeye angeona kisichoonwa na daktari. Muuguzi aliyekuwa anapanga mafaili nyuma yao alisema, bila hata kugeuka, "Hawa hutia alama zote siku moja, wakiwa njiani kuja huku. Tazama, wino ni uleule mwanzo mpaka mwisho."

"Dada yangu," mama alisema, "nyumbani tuna kalamu moja. Ulitaka tuwe na ngapi?"

Daktari aliinua mkono kuwanyamazisha wote wawili. Hakuwa na hasira bado, alikuwa na wasiwasi, na huo ulimwogopesha fundi zaidi. Alionyesha kwa ncha ya kalamu kivuli cheupe katikati ya mwanya. "Huu ni mfupa mpya, na umeshaanza kuwa mgumu. Tunahitaji milimita kumi na sita ndipo njia ya hewa ifunguke. Ukifunga hapa kwenye sita, tumefanya kazi bure. Itabidi tumkate upya."

Mlango ulifunguliwa, Profesa akaingia na miwani kichwani. Aliitazama picha muda wa kupiga chafya moja. "Nilisema tangu mwanzo," alisema. "Homoni inafunga mfupa haraka kuliko parafujo inavyoufungua. Simamisha sindano."

"Zake?"

"Za wote saba. Leo ni huyu, kesho ni nani? Barua nitaisaini jioni hii."

"Wale sita wanaendelea vizuri, Profesa."

"Huyu naye alikuwa anaendelea vizuri mpaka mlipompiga picha."

Binti alijinyanyua kitini. "Na mimi je?" aliuliza. Maneno yalitoka yamebanwa, lakini yalitoka.

Profesa alimgeukia mama. "Anasema nini?"

"Anauliza, yeye je?" mama alijibu kwa hasira ya kumtafsiria mtoto anayesema lugha moja na mwulizaji.

"Chumba cha upasuaji, nafasi ikipatikana. Ila taya lililokatwa mara nyingi hivi halina ahadi, mama. Mishipa ya fahamu inapita humo humo. Anaweza kuamka hausikii mdomo wake."

Akaondoka na miwani yake kichwani. Daktari aliwaambia kesho warudishe kalamu za sindano, akawa hawatazami usoni.

Habari ziliwatangulia kwenye korido. Mama mmoja mnene mwenye mwana katika kundi lile lile alisimama katikati ya njia, mkoba kaukumbatia. "Mwanangu amebakiza wiki moja tu," alisema kwa sauti ya kusikiwa na benchi zima. "Mfupa wake unajaa vizuri, kila mtu anasema. Sasa anyimwe dawa kwa sababu kuna watu kazi ya dakika mbili inawashinda?"

Mama wa binti alifungua mdomo. Binti akamvuta mkono. Walipita pembeni yake mmoja mmoja, wamebana kuta kama watu wanaopita msibani bila kutoa pole.

&nbsp;

Fundi hakwenda nyumbani. Aliwasindikiza wawili wale mpaka njia panda, kisha akaenda kibandani kwake, maana angeketi nyumbani akimtazama yule mtoto angelia, na kulia kwake kusingemsaidia mtu. Kibanda kilikuwa cha mabati, upana wa hatua tatu. Ukuta mmoja ulijaa funguo ghafi zilizotundikwa kwa safu. Mezani palikuwa na jiliwa la kubania vyuma, tupa za kila ukubwa, na mashine ya kuchonga funguo yenye kelele za kukera majirani.

Mwenye duka la viatu alikuwa anamsubiri na kufuli la ghala, zee, limeliwa na kutu mpaka tundu halionekani vizuri.

"Ufunguo unaingia lakini haugeuki, fundi. Mwanangu alitaka kulipiga nyundo nikamkatalia."

"Umefanya vizuri. Nyundo ni ya misumari." Alilibana kwenye jiliwa, akatia mafuta, akausukuma ufunguo ndani. Mawazo yake yalikuwa bado kwenye kile kivuli cheupe. Aliugeuza ufunguo taratibu. Ukakaza. Mkono ukarudi nyuma nusu, ukapumzika.

Fundi akaganda.

Akageuza tena, safari hii akijitazama. Mkono ulikwenda mbele, ukakutana na ukinzani, ukarudi nyuma nusu. Hakuuamuru. Ulirudi wenyewe, kama ulivyorudi kwenye kila kufuli tangu ajifunze kazi akiwa kijana, kwa sababu ufunguo ukiuachia umekaza huvunjika ndani ya tundu.

"Mbona umeacha?" mwenye duka aliuliza. "Limefunguka?"

"Mama, nimefanya nini sasa hivi na mkono huu?"

"Umezungusha, ukarudisha."

"Nimerudisha?"

"Si ndivyo unavyofanya siku zote? Kwani unaumwa, fundi?"

Hakuwa anaumwa. Alikuwa anahesabu. Mbele mzunguko mmoja, nyuma nusu. Asubuhi na jioni. Siku kumi na mbili. Alihesabu kwa vidole, akarudia, na kila alipofika mwisho alikutana na sita. Siku kumi na mbili alikuwa anampa mwanawe asubuhi na kumnyang'anya asubuhi hiyo hiyo, na watu wakamsifu.

Tusimpambe zaidi ya anavyostahili. Kuna kitambo kidogo pale, labda pumzi tano au sita, alipotamani kunyamaza. Hakuna aliyejua. Profesa alishasema ni dawa, na dawa haina mdomo wa kujitetea. Binti angekatwa upya kwa vyovyote, ndivyo alivyojiambia, na yeye angebaki baba mwenye mkono mwepesi. Kisha akamfikiria yule mwana wa mama mnene, aliyebakiza wiki moja. Akawafikiria na wengine watano asiowajua hata sura. Na zaidi ya yote akaona kwamba kama kosa ni lake na si la dawa, basi labda lilikuwa bado linarekebishika, ila ni leo, kabla ya ile saini.

Alifungua jiliwa, akamkabidhi mwenye duka kufuli lake.

"Kesho, mama. Na kesho nitakufungulia bure."

"Na viatu vyangu vilivyo ghalani?"

"Vitalala salama," alisema, akaanza kuteremsha mlango wa bati.

&nbsp;

Mlinzi wa geti la hospitali alikuwa anakula karanga. "Wagonjwa wa nje mwisho saa tisa, mzee."

"Sikuja kutibiwa. Nimekuja kukiri kosa."

"Polisi ni jengo la pili, mkono wa kushoto."

"Kijana wangu, sina muda wa mzaha. Mpigie Daktari wa Taya. Mwambie baba wa yule msichana amezipata zile milimita sita."

Mlinzi alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia, akaona mtu huyu hataondoka, akapiga simu. Daktari alishuka ngazi mbili mbili.

Katika chumba cha kliniki alimpa mfano wa taya la plasta wenye parafujo kama za binti. "Nionyeshe, mzee. Usieleze, onyesha." Fundi akanawa mikono kwa mazoea, ingawa ilikuwa plasta tu, akavisha ufunguo, akazungusha. Mkono ukarudi. Muuguzi wa mafaili alikuwa amesogea karibu.

"Rudia," daktari alisema.

Akarudia. Mkono ukarudi.

"Nani alikufundisha kurudisha?"

"Kazi yangu."

"Tulikwambia ufuate mshale!"

"Niliufuata. Mlisema nizungushe mpaka ukamilike. Mlichosahau kusema ni kwamba nisirudi."

"Kwa nini mtu arudi?" daktari alifoka, halafu akakaa kitini kwa kishindo. Uso wake ulionyesha hasira na nafuu kwa pamoja. "Mzee, kila siku ulikuwa unampunja mwanao nusu."

"Najua, daktari. Nimelihesabu hilo njia nzima."

Alipelekwa kwa Profesa. Profesa hakuamini mpaka aone, na alipoona akawaita madaktari wengine wawili waje nao waone. Fundi alizungusha na kurudisha mara tano mbele yao, kama mtoto anayeonyeshwa kwa wageni kipaji chake. Mmoja wa wale madaktari alitabasamu. Fundi alimwona, akaendelea. Barua ilikuwa juu ya meza, kalamu imelala juu yake.

"Kwa hiyo dawa haina kosa," Daktari wa Taya alisema. "Imefanya kilichotarajiwa. Mwanya ndio haukufunguka kwa kasi yake."

Profesa aliiteremsha miwani machoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Siichani," alisema, akaitia barua kwenye droo. "Naipa siku tatu. Sindano ziendelee. Mizunguko mitatu kwa siku badala ya miwili, na hakuna kurudi. Zikiisha apigwe picha. Nikiona tisa au zaidi, mradi unaendelea. Nikiona chini ya hapo, barua inatoka na msichana anaingia kisuni." Alimgeukia fundi. "Mfupa umeshashika, mzee. Mtaupasua ungali mbichi. Itamuuma kuliko siku ya kwanza. Wodini sina kitanda wala muuguzi wa kumzungusha mara tatu. Nyumbani kuna mtu mwenye moyo wa kazi hiyo?"

"Mtu yupo," fundi alisema.

&nbsp;

Aliwaambia wakiwa wamekaa wote watatu, chakula mezani hakijaguswa. Alisema yote, hata zile pumzi tano au sita za kutaka kunyamaza. Mkewe alimsikiliza mkono shavuni.

"Nilikusifu," alisema mwishowe. "Kila asubuhi nilisimama hapo na tochi nikakusifu."

"Ndiyo."

"Mimi na macho yangu mawili!"

Binti alikuwa anatazama sakafu. "Ile ya mwisho ilikuwa inapoza," alisema polepole, akitengeneza kila neno. "Nilidhani ndivyo ilivyotakiwa. Nilikuwa naisubiri, baba. Ukianza tu, mimi nasubiri ile ya mwisho."

"Nisamehe, mama."

Binti alikuwa amekasirika na hakujificha, macho yalimwiva, pua ikapanuka. Aliinuka, akanawa uso, akavuta kile kiti cha plastiki mpaka kikagusa ukuta. "Msamaha baadaye," alisema. "Kwanza tuzungushe."

Fundi alimpa mkewe ufunguo. Ndivyo alivyokuwa amepanga njia nzima. Mkewe alikuwa mpishi wa shule, alisonga ugali wa wanafunzi mia nne kwa mwiko mrefu kama kasia, na hakuna aliyewahi kuuona mkono wake ukitetemeka. Ufunguo uliteleza mara ya kwanza ukamkwaruza binti shingoni, ukateleza mara ya pili ukaanguka chini.

"Siwezi," alisema. "Mungu wangu, siwezi. Namwona alivyokuwa mdogo."

Binti aliuokota ufunguo, akaupangusa kwa pamba yenye dawa, akamrudishia baba yake.

"Mkono wangu utarudi," fundi alisema. "Hausikii ninachouambia."

"Nitaushika," binti alisema.

"Na mama yako?"

"Mama ashike kichwa. Wewe zungusha. Mkono nitaushika mimi."

Na ndivyo walivyofanya. Mama alisimama nyuma ya kiti akakibana kichwa cha mwanawe tumboni pake. Fundi akavisha ufunguo. Binti akapeleka mkono wake juu, akamshika baba yake kifundo cha mkono kwa vidole vitano, kwa nguvu ambazo fundi hakujua kwamba anazo. Akaanza kugeuza. Robo ya kwanza ilikwenda. Ya pili ikakaza kuliko kufuli lolote la kutu, na kila kitu alichojifunza maishani kilimwambia asilazimishe. Akalazimisha. Kitu ndani kilitoa mlio mdogo mkavu, na binti akapiga kelele ambayo muuza maziwa aliisikia nyumba ya tatu. Robo ya tatu. Robo ya nne. Mkono wa fundi ukaanza safari yake ya kurudi, na vidole vile vitano vikauvuta, vikauchomoa pamoja na ufunguo, vikaushikilia hewani.

"Moja," binti alisema, machozi yanamchuruzika mpaka shingoni. "Upande mwingine."

Muuza maziwa alikuja mbio, kanga begani, akidhani kuna msiba. Alimkuta mama amepiga magoti, fundi amekaa chini na ufunguo mkononi, na binti amesimama dirishani akivuta pumzi kwa nguvu.

"Kuna nini hapa?"

"Tunarefusha taya," mama alisema. "Dada, kama una maziwa ya baridi, mletee."

Mara tatu kwa siku, siku tatu. Mara ya pili iliuma kama ya kwanza. Mara ya tatu fundi alitapika nyuma ya nyumba, akasukutua, akanawa mikono, akarudi. Siku ya pili jioni alihisi mkono wake haurudi tena, ulisimama wenyewe pale mzunguko ulipokamilika, lakini binti hakuuachia. Adhuhuri alijidunga sindano yake, akajilazimisha kunywa uji kwa mrija, akalala kidogo ameketi. Hakumsemesha baba yake sana. Ila kila saa ya kuzungusha ilipofika, yeye ndiye aliyevuta kiti.

&nbsp;

Siku hizo tatu zilipoisha, walifika kliniki mapema kuliko wafagiaji. Benchi lilijaa taratibu, maana Profesa alikuwa ameita familia zote saba zije siku hiyo kusikia uamuzi. Mama mnene alikaa mwisho wa benchi na mwanawe, mkoba kaukumbatia vilevile. Hakuna aliyewasalimu.

Daktari wa Taya alitundika picha. Akapima mara moja, akapima mara ya pili, akampa Profesa rula. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, anaitazama migongo yao miwili. Hakuweza kusoma chochote.

"Kumi na nusu," Profesa alisema.

Mama aliishika fremu ya mlango. Binti alifumba macho tu.

"Bado tano na nusu," Daktari wa Taya aliongeza haraka, kama anayeogopa furaha isimzidi. "Sasa ni mizunguko miwili kwa siku, polepole, siku sita. Sindano ziendelee. Mtu asinisherehekee hapa bado." Alikuwa anacheka wakati anayasema hayo. Profesa alitia mkono mfukoni mwa koti, akatoa ile barua, akaichana mara mbili, akatazama pa kuitupa, muuguzi akamsogezea kapu.

Kisha daktari akamvuta fundi pembeni. "Mzee, nina ombi, na ukikataa sitakulaumu. Nimewauliza wale sita mmoja mmoja. Kuna mwingine ambaye baba yake ni fundi bomba. Naye anarudisha. Si sana, robo tu, lakini anarudisha. Mimi nikiwaeleza wataitikia kwa kichwa kama mlivyoitikia ninyi. Nataka uwaeleze wewe."

Fundi alitazama kule benchini. Watu kumi na tano hivi, na nusu yao walishamhukumu tangu majuzi. Alijua kwamba akishasema haya hapa, mtaani kutakuwa na watu watakaompelekea makufuli yao huku wanatabasamu. Alichukua ule mfano wa plasta mezani akatoka nao koridoni.

"Mimi ndiye baba wa huyu," alisema, akamwonyesha binti. "Dawa nusura isimamishwe kwa wote kwa sababu yangu mimi. Si uvivu. Nilizungusha kila siku. Lakini tazameni mkono." Akauinua mfano ili hata wa mwisho aone. Akazungusha mzunguko mmoja. Kisha, kwa makusudi, akarudisha nusu. "Hivi ndivyo nilivyofanya siku kumi na mbili. Nilidhani nampumzisha. Mkifika hapa, mkono utataka kurudi. Hasa ukiwa mkono wa fundi. Hasa mtoto akikunja uso. Msirudi. Chomoeni."

Fundi bomba, mtu mrefu mwenye kofia mapajani, aliinamisha kichwa. Mama mnene alikuwa ameachia mkoba wake. Alisimama akasogea mpaka mbele, akaomba ule mfano, akajaribu mwenyewe. Mkono wake ulikwenda mbele, ukasita, ukasimama.

"Wangu ni kijana mkubwa," alisema, na sauti haikuwa ile ya majuzi. "Lakini akilia kwa uchungu nashindwa, najikuta nimeacha katikati. Na wewe akilia ulifanyaje?"

Binti akaondoka ukutani alipokuwa ameegemea, akasimama kando ya baba yake, kidevu chake kipya kikiwa kimevimba na kimewiva, vijiti viwili vinang'aa chini ya masikio. Aliyatengeneza maneno moja moja ili mama yule asikose hata moja.

"Atalia," alisema. "Wewe zungusha."